Ufunguo wa Nyumba Uko Mkononi mwa Nani? Somo Kutoka Mji wa Jinja



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, saa za kazi na likizo. Leo tutazungumza juu ya nyumba. Wako wajumbe wanaosema kwamba nyumba si kazi ya chama, kwamba hilo ni jambo la serikali au la tajiri mwenyewe. Mimi nimewasindikiza watu wengi siku ya kupunguzwa kazi, na swali linalowatoka kwanza mdomoni ni moja: watoto watalala wapi? Habari ya chakula huja baadaye.

Ili somo liwe na mfano wa kweli nimechagua mji wangu wa Jinja, hapa Uganda. Ni mji mdogo wenye historia kubwa. Nilizaliwa Walukuba, upande wa mashariki wa mji, na nimefanya kazi Masese. Ninayoyaandika mengine nimeyaona kwa macho yangu, mengine nimeyapata kwa wazee na katika vitabu.

MAHALI PENYEWE

Jinja iko pale mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria. Jina lake linatokana na mawe, maana kwa lugha za huku ejjinja ni jiwe. Mwingereza Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862, akayapa maporomoko jina la Ripon, bwana mkubwa mmoja wa kwao. Wavuvi aliowakuta pale walikuwa na jina lao tayari. Leo maporomoko hayo hayaonekani tena, yamefunikwa na maji ya bwawa.

Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na kando ya ziwa. Serikali ya kikoloni ikawaondoa watu waliobaki karibu na maji. Nataja jambo hili kwa sababu vijana wetu hudhani ardhi yote ya mwambao ilikuwa tupu tangu zamani. Ukiambiwa kwamba mahali fulani palikuwa pori, uliza kwanza pori hilo lilianza mwaka gani.

Mwaka 1912 ilijengwa reli kutoka Jinja mpaka Namasagali, kusudi pamba ya Busoga ipate njia ya kutoka. Mwaka 1931 daraja la reli juu ya Nile likakamilika, na garimoshi la kutoka Mombasa likaweza kufika Kampala. Wahindi walijenga maduka katika barabara kuu, na mengi yao yanasimama mpaka leo, mwaka wa kujengwa umeandikwa juu ya paji la nyumba. Kiwanda cha sukari cha Kakira, kilomita chache mashariki mwa mji, kilianza mwaka 1930 chini ya Muljibhai Madhvani.

Kilichougeuza mji hasa ni umeme. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, na mitambo yake ilipangwa kutoa megawati 150. Baada ya hapo viwanda vilifuatana: nguo na bia ng'ambo ya mto kule Njeru, chuma, na shaba ya Kilembe iliyoletwa kwa reli kuyeyushwa Jinja kuanzia mwaka 1956. Kila kiwanda kilihitaji mikono, na mikono hiyo ilihitaji mahali pa kulala.

NANI ALILALA WAPI

Mji wa wakoloni uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa karibu na ziwa na uwanja wa gofu, penye upepo mzuri. Usiku viboko walitoka majini kuja kula majani uwanjani. Wazee walikuwa wakicheka kwamba kiboko aliruhusiwa kulala karibu na bwana mkubwa kuliko mpishi wake. Wahindi walikaa katikati, duka mbele na jamaa nyuma au ghorofani. Mwafrika wa kiwandani alipelekwa Walukuba.

Mtaa wa Walukuba ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950. Wako wanaousifu kama zawadi. Kweli nyumba zilikuwa za kudumu, zenye bati na bomba la maji karibu, na kwa mtu aliyetoka kulala chini ya mti zilikuwa nyumba nzuri. Lakini tujiulize kwa nini nyingi zilikuwa za chumba kimoja.

Hapa ndugu msomaji nakuomba usome polepole, kwa sababu ndiyo sehemu kubwa ya somo.

Katika siku hizo mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Huko Kenya kamati ya serikali iliyojulikana kama Kamati ya Carpenter ilikiri jambo hilo waziwazi mwaka 1954, na ikapendekeza mshahara uweze kutunza jamaa. Uganda hali ilikuwa hiyo hiyo. Sasa tazama. Mfanyakazi alikuwa na mke na watoto, ila walibaki kijijini. Mke alilima chakula chake na cha watoto. Mke aliwalea wale watoto ambao kesho watakuja kuwa wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Mume akiugua alirudishwa kwa mke, na akizeeka alirudishwa kwa mke. Gharama zote hizo tajiri hakuzilipa, zililipwa na jembe la mwanamke.

Tuseme jamaa inahitaji magunia kumi kwa mwaka. Tajiri analipa mshahara wa kununua magunia manne tu. Sita yanayobaki yanatoka shambani kijijini. Basi kijiji ndicho kinachomsaidia tajiri kila mwaka kwa magunia sita, wala hakuna anayekiandikia barua ya shukrani. Chumba kimoja cha Walukuba kilikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Chumba cha mtu mmoja kinakwenda pamoja na mshahara wa mtu mmoja. Ukijenga vyumba vitatu umekubali kwamba huyu mtu ana jamaa, na kesho yake ataomba mshahara wa jamaa.

Watu walipoleta wake zao hata hivyo, kama baba yangu alivyofanya, walining'iniza shuka katikati ya chumba. Upande huu wazazi, upande huu watoto, na wageni wakija wanalala jikoni. Mtaani walikuwapo Wasoga, Waganda, Wajaluo, Waluhya, Wateso, Wagisu, Wanyarwanda, na Waalur na Walugbara wa Nile Magharibi. Kiswahili tulichozungumza hakikutoka darasani. Mama yangu alijifunza Kiswahili kwenye foleni ya bomba, na matusi yake ya kwanza aliyajifunzia hapo hapo.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Mwaka 1970 serikali ya Obote ilitoa amri kwamba wafanyakazi wasio raia ambao hawana ufundi waondoke. Maelfu ya Wakenya walirudi kwao, na wengi walikuwa watu waliokaa Uganda miaka mingi. Mtu alirudisha ufunguo, akafunga godoro, akapanda basi. Wenzao wa Uganda wengi walikaa kimya, na wengine walifurahi kwamba vyumba vimepatikana. Nasema wazi kwamba hilo lilikuwa kosa letu.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Jinja ulikuwa mji wao sana, na barabara kuu ilibaki na milango iliyofungwa. Nyumba na maduka yakawekwa chini ya bodi ya serikali ya kutunza mali hiyo. Watu waliingia, askari na wenye jamaa zao kwanza, na wafanyakazi wachache waliopata bahati. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuwarudishia wenyewe mali yao, na katika miaka ya 1990 wengi walikuja na hati zao. Wapangaji waliokuwa ndani wakatoka. Sisemi kwamba mwenye nyumba asirudishiwe nyumba yake. Nasema kwamba mpangaji aliyelipa kodi miaka kumi na tano hakuwa na karatasi hata moja ya kumtetea.

Katika miaka hiyo viwanda navyo vilikuwa vinakufa. Vipuri hakuna, mafundi hakuna. Shaba ya Kilembe ilikoma kuja. Kiwanda kikubwa cha nguo kilisuasua mpaka kikauzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Kakira kulipata nafuu mapema, maana akina Madhvani walirudi mwaka 1985 na kiwanda kikafufuliwa.

SIKU YA KURUDISHA UFUNGUO

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa na miaka kumi na mbili, alileta nyumbani barua ya mistari mitatu. Mstari wa kwanza ulisema kazi imekwisha. Wa pili ulisema nyumba irudishwe kwa muda wa siku kumi na nne. Wa tatu ulisema malipo yake ya mwisho yatatolewa akishaonyesha karatasi ya kwamba amerudisha ufunguo.

Angalieni ujanja wa mstari wa tatu. Ili upate fedha lazima uhame, na ili uhame unahitaji fedha. Baba aliuza baiskeli. Tulihamia Masese katika chumba kimoja cha zile nyumba za mstari ambazo huku tunaziita mizigo, choo kimoja kwa milango minane. Ufunguo aliurudisha siku ya tisa, na malipo aliyapata baada ya miezi kumi na moja. Mimi nilimaliza darasa la saba, na shule yangu ikaishia hapo.

Nilipokuwa mkubwa na kuingia katika chama, nilitafuta mkataba wa zamani wa tawi la baba. Ulikuwa na kurasa sita. Ulitaja sare, sabuni, na hata kikombe cha maziwa kwa watu wa idara ya rangi. Habari ya nyumba haukutaja hata neno moja. Nyumba ilihesabiwa kuwa wema wa tajiri, na wema hauandikwi.

Masese ndiyo iliyonifundisha kodi ya nyumba. Nilikuwa kibarua katika kiwanda cha samaki wakati nchi za Ulaya ziliposimamisha samaki wetu mwaka 1999 kwa sababu ya habari za sumu ziwani. Mashine zilisimama, tukakaa nje ya lango. Mwenye nyumba yetu hakuwa msomaji wa matangazo ya Ulaya. Mwisho wa mwezi alikuja kama kawaida.

Lakini Masese hiyo hiyo niliona jambo jingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa nyumba wa wanawake uliosaidiwa na Denmark. Wanawake maskini walifyatua matofali, wakajifunza uashi, wakajenga nyumba zao wenyewe kwa mkopo. Wanaume tulipita tukiwatania. Nyumba zao walizijenga hivyo hivyo, sisi tukiendelea kulipa mizigo.

KAMBI ZA MASHAMBA

Ndugu zetu wa mashamba ya miwa wana hali tofauti kidogo. Kambini nyumba ni bure, zahanati iko, na shule ya watoto iko. Mtu wa mjini anayelipa kodi anaweza kuwaonea wivu, na wengine wanasema wazi kwamba heri kambi. Mimi sisemi kambi ni mbaya. Nasema nyumba ya bure ina kamba ndefu.

Mzee mmoja Mualur alikata miwa miaka ishirini na mbili katika shamba moja. Watoto wake wote walizaliwa kambini na kwao Nile Magharibi walikujua kwa jina tu. Mgongo ulipokataa aliachishwa kazi, na jumamosi hiyo hiyo mnyapara akaja kuuliza chumba kitakuwa wazi lini, kwa maana kijana wa kuchukua nafasi yake ameshafika na lori. Mzee aliniuliza, “Mwanangu, mimi nimefukuzwa kazi au nimefukuzwa duniani?” Sikuwa na jibu. Nilikwenda kusoma sheria.

Nilichokikuta ndicho kila mjumbe anapaswa kukijua. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mtu aliyefanya kazi miezi sita hadi mwaka apewe taarifa isiyopungua wiki mbili. Mwaka mmoja hadi mitano, mwezi mmoja. Mitano hadi kumi, miezi miwili. Aliyepita miaka kumi, miezi mitatu. Tena mtu aliyeajiriwa kutoka zaidi ya kilomita 100 na kwao anayo haki ya kusafirishwa kwa gharama ya mwajiri mkataba ukimalizika kwa njia zilizotajwa katika sheria, na aliyetumikia miaka kumi anayo haki hiyo hata kama aliajiriwa pale pale. Mzee wetu alikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulipeleka barua kwa afisa wa kazi. Alipata nauli yake, ya mke wake na ya mizigo yao, na akakaa chumbani mpaka muda wa taarifa ulipokwisha. Haikuwa nyingi, lakini aliondoka mchana, kwa basi, akiwaaga watu.

TULIVYOANDIKA MKATABA

Baada ya jambo hilo kamati yetu iliamua kuiingiza nyumba katika majadiliano. Mwajiri alishangaa. Alisema, “Nyumba ni yangu, nyinyi zungumzeni mshahara.” Mwenyekiti wetu, mama mmoja wa idara ya kufunga mifuko, akamjibu kwamba kila tunapoomba nyongeza yeye hutukumbusha kwamba anatupa nyumba, basi nyumba ni mshahara kwa maneno yake mwenyewe. Hapo akanyamaza, akaomba chai.

Tulipata mambo matatu. Kwanza, muda wa kukaa katika nyumba usiwe mfupi kuliko muda wa taarifa ya kazi. Pili, malipo ya mwisho yatolewe kabla ya ufunguo kurudishwa, au siku ile ile, mkono kwa mkono. Tatu, mfanyakazi akifa, mjane au mgane na watoto wakae miezi mitatu. Hili la tatu ndilo lililogharimu siku nyingi, maana mwajiri aliogopa kwamba hawatatoka. Tulishindwa mawili: matengenezo ya paa kwa tarehe maalum, na vyumba viwili kwa mwenye watoto. Hayo yatarudi mezani.

Kwa wale wa mjini ambao hawapewi nyumba, hatari iko mahali pengine. Zamani fedha za nyumba ziliandikwa peke yake katika karatasi ya malipo. Siku hizi waajiri wengi wanazikunja ndani ya mshahara mmoja, na baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka kwamba zilikuwapo. Kodi ikipanda huna mahali pa kuonyesha kidole. Serikali haitusaidii sana hapo. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini cha mshahara, lakini Rais hakuutia saini.

Hesabu za watu nazo zinaonyesha mahali wafanyakazi walipo. Mwaka 2002 manispaa ya Jinja ilikuwa na watu 71,213, na mwaka 2014 ilikuwa na 72,931. Miaka kumi na miwili mji karibu haukuongezeka. Je, watu hawakuzaliwa? Walizaliwa, ila walijenga na kupanga nje ya mpaka: Bugembe, Mafubira, Njeru ng'ambo ya mto, mahali kodi ilipokuwa nafuu na bomba halijafika. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja ikapewa cheo cha jiji na mipaka ikasogezwa, Bugembe na Mafubira zikaingia ndani. Mtu alilala mwanakijiji akaamka mtu wa jiji, katika muzigo ule ule, choo kile kile kwa milango minane.

MASWALI YA KUJADILIWA TAWINI

1. Katika tawi lenu, ni wangapi wanaokaa katika nyumba ya mwajiri, na wangapi wanapanga? Mjumbe ahesabu mlango kwa mlango, asikisie.

2. Someni mkataba wenu wa sasa. Neno nyumba limetajwa mara ngapi, na katika kifungu gani?

3. Nani kati yenu ametoka zaidi ya kilomita 100? Ana karatasi inayoonyesha mahali alipoajiriwa? Kama hana, itapatikanaje kabla hajaihitaji?

4. Mfanyakazi akifa leo katika kambi yenu, jamaa yake itakaa siku ngapi? Nani aliyepanga siku hizo?

5. Akina mama wa tawi waulizwe peke yao, bila waume kuwajibia: ni jambo gani moja katika nyumba hizi ambalo wangeliandika kwanza?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyaleta katika mkutano wa wajumbe. Swali la tano liandikwe kwa maneno ya wenyewe, yasisafishwe.